Profesa Hapimwi kwa Hataza: Wasifu wa Frederick Terman na Somo Lililosomwa Kinyume

Umeenea katika vyuo vikuu, wizara na mashirika ya ufadhili mtazamo mmoja kuhusu mwanataaluma anayeshirikiana na viwanda, nao ni kwamba thamani yake hupimwa kwa vitu viwili: hataza alizosajili, yaani haki za kisheria zinazompa mvumbuzi mamlaka ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi wake kwa muda maalumu, na kampuni changa zilizozaliwa kutokana na utafiti wake. Kwa nguvu ya mtazamo huo zimeanzishwa ofisi za uhawilishaji wa teknolojia, ambazo kazi yake ni kusajili hataza na kuuza leseni za kuzitumia. Vimefunguliwa vituo atamizi, yaani mahali ambapo biashara mpya hulelewa mpaka ziweze kujitegemea. Na kanuni za kupandisha vyeo zimeongezewa vipengele vinavyouliza idadi ya leseni na kampuni. Mhadhiri anayefundisha vizuri, anayeandika kitabu cha kiada na kuwapeleka wahitimu wake viwandani huonekana mtu wa zamani, hata kama viwanda vyenyewe vinamhitaji kuliko mwenzake mwenye vyeti vya hataza ukutani. Makala haya yanashikilia kwamba mtazamo huo ni potofu, na kwamba ushirikiano wa chuo na kiwanda una manufaa makubwa mno kuachwa upimwe kwa vipimo vibovu namna hiyo.

Shahidi anayeitwa mara nyingi kuuthibitisha mtazamo huo ni Frederick Terman, profesa wa uhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, aliyezaliwa 1900 na kufariki 1982, ambaye vitabu vya ujasiriamali humwita baba wa Silicon Valley. Simulizi yake ni fupi na inapendeza: profesa aliyechoka kuwaona wanafunzi wake wakikimbilia mashariki ya Marekani kutafuta ajira aliwashawishi vijana wawili, William Hewlett na David Packard, waanzishe kampuni katika banda la kuegeshea gari, kampuni ikakua, chuo kikatenga ardhi kwa ajili ya viwanda, na bonde lililokuwa la mashamba ya matunda likageuka kitovu cha teknolojia duniani. Hitimisho linalotolewa ni kwamba chuo chochote kinachotamani bonde la namna hiyo kiwageuze maprofesa wake kuwa wajasiriamali. Matukio hayo yote yalitokea kweli, na kosa limo katika hitimisho. Wasifu wa Terman ukisomwa kwa mfuatano wa miaka yake unatoa ushahidi wa upande wa pili, na sifa anazopewa leo kama mzalishaji wa kampuni ni kilemba cha ukoka alichovikwa na watu walioihitaji picha yake kuliko kazi yake.

Terman alikulia Stanford, ambako baba yake, Lewis Terman, alikuwa mwanasaikolojia aliyechapisha mwaka 1916 kipimo cha akili kinachojulikana kama Stanford-Binet. Alisoma kemia, akahamia uhandisi wa umeme, na mwaka 1924 akapata shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT chini ya usimamizi wa Vannevar Bush, mtu ambaye baadaye angeongoza utafiti wa kisayansi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alitarajiwa kurudi MIT kufundisha, lakini kifua kikuu kilimlaza kitandani kwa takriban mwaka mzima nyumbani kwao California, na mwaka 1925 akaanza kazi Stanford, chuo ambacho wakati huo hakikuwa na jina kubwa katika uhandisi. Bonde linalosemekana kuwa tunda la mkakati lilimpata mwanzilishi wake kwa sababu ya maradhi, jambo ambalo waandishi wa mikakati hupenda kuliruka. Kazi iliyompa umaarufu wa kwanza ilikuwa kitabu cha kiada kuhusu uhandisi wa redio, kilichotoka mwaka 1932, ambacho wanafunzi na wahandisi walikitumia kwa miaka mingi katika matoleo yaliyofuatana. Kama angeomba kupandishwa cheo leo katika chuo kinachohesabu leseni, kitabu hicho kingempatia alama chache sana.

Kisa cha Hewlett na Packard kinastahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa ndicho nguzo ya hoja inayopingwa hapa. Packard alikuwa ameajiriwa na General Electric katika jimbo la New York. Terman alimtafutia fedha za masomo ili arudi Stanford, naye Hewlett alikuwa akiandaa tasnifu kuhusu kifaa cha kuzalisha mawimbi ya umeme ya kiwango kinachosikika, ambacho wahandisi hukitumia kujaribia vyombo vya sauti. Wazo la kifaa hicho lilichipuka katika semina ya Terman kuhusu mrejesho hasi, yaani mbinu ya kurudisha sehemu ya mkondo unaotoka katika kikuza sauti ili kupunguza makosa yake, na mbinu hiyo ilikuwa imebuniwa mwaka 1927 na Harold Black, mhandisi wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu. Basi maarifa yalitoka kiwandani, yakaingia darasani kwa njia ya machapisho na mjadala, yakatoka tena yakiwa mikononi mwa mwanafunzi aliyeyaelewa. Kampuni ilianza mwaka 1939 kwa mtaji wa dola 538, na miongoni mwa wateja wake wa kwanza ilikuwa studio ya Walt Disney, iliyonunua vifaa vinane kwa ajili ya sauti ya filamu ya Fantasia. Mchango wa Terman ulikuwa semina, tasnifu iliyosimamiwa kwa umakini, fedha za masomo na utambulisho kwa watu wanaofaa. Ni kweli kwamba baadaye alikaa katika bodi ya kampuni hiyo na kwamba hakuona haya kupata faida. Lakini anayetaka kumwiga na aanze na semina, kwani bodi ilikuja baada ya miaka mingi.

Watetezi wa mtazamo uliozoeleka watajibu kwa kutaja klistroni, na jibu lao lina uzito. Klistroni ni mrija wa elektroni unaozalisha na kukuza mawimbi mafupi sana ya redio, yale yaliyowezesha rada, na ulivumbuliwa Stanford mwaka 1937 na ndugu wawili, Russell na Sigurd Varian, wakishirikiana na mwanafizikia William Hansen. Chuo kiliwapa ndugu hao ruhusa ya kutumia maabara pamoja na dola 100 za vifaa, kwa makubaliano kwamba nusu ya mirabaha, yaani malipo ya kutumia uvumbuzi, ingekuwa ya chuo. Kampuni ya Sperry ikanunua haki hizo, na chuo kikapata fedha. Hataza hiyo, basi, ililipa. Hata hivyo, historia ya miaka iliyofuata inaonyesha jinsi malipo yalivyokuwa sehemu ndogo ya jambo lenyewe: masharti ya Sperry yalileta mvutano kuhusu mwelekeo wa utafiti ndani ya idara ya fizikia, ndugu wa Varian wakaondoka kwenda kufanya kazi mashariki wakati wa vita, na kampuni yao wenyewe, Varian Associates, ilianzishwa mwaka 1948 walipoamua kurudi karibu na watu waliowajua na kuwaamini. Kilichowarudisha ni watu hao, pamoja na maabara ambayo ingeendelea kuwazalishia wahandisi. Mfano mmoja wa hataza iliyolipa hautoshi kuwa kanuni, kama vile ushindi mmoja wa bahati nasibu usivyotosha kuwa mpango wa uchumi wa kaya.

Vita vilimpeleka Terman Harvard, ambako kuanzia 1942 aliongoza maabara ya siri ya kutafuta njia za kuvuruga rada za adui, yenye wafanyakazi zaidi ya 800. Huko alijifunza mambo mawili ambayo simulizi ya ujasiriamali huyapunguzia uzito: kwamba serikali, hususan jeshi, ingekuwa mlipaji mkuu wa utafiti baada ya vita, na kwamba Stanford haikuwa imealikwa kwa kiwango cha maana katika karamu hiyo kwa sababu haikuwa na wataalamu wa kutosha. Aliporudi mwaka 1946 kama mkuu wa kitivo cha uhandisi, na hasa alipokuwa provosti, yaani msimamizi mkuu wa taaluma, kuanzia 1955 hadi 1965, alifuata sera aliyoilinganisha na kujenga minara michache mirefu badala ya ukuta mfupi mpana: kuchagua nyanja chache, kuajiri watu bora kabisa katika nyanja hizo, na kutumia mikataba ya utafiti ya jeshi la maji na idara nyingine za ulinzi kulipia wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Mteja wa kwanza wa bonde, kwa muda mrefu, alikuwa Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani. Anayeusifu mfumo huo kama ushindi wa soko huria anapaswa kueleza kwa nini soko lenyewe lilikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa namna hiyo.

Kuhusu eneo la viwanda lililoanzishwa mwaka 1951, ambalo leo huigwa kwa jina la bustani za teknolojia katika mabara yote, maneno machache yanatosha. Stanford ilikuwa na maelfu ya ekari ambazo hati ya wakfu ya mwanzilishi wake ilikataza kuuzwa, huku ikiwa na upungufu wa fedha. Kukodisha ardhi kwa muda mrefu kulikuwa njia ya kupata mapato bila kuvunja wakfu. Varian Associates walikuwa wapangaji wa kwanza. Terman alikuwa na busara ya kutaka wapangaji wawe kampuni zenye uhusiano na kazi za chuo, lakini uhusiano ulitangulia majengo, na anayejenga majengo akitarajia uhusiano uje wenyewe ameanza mwisho.

Mpango wa mwaka 1954 unaeleza mengi zaidi, ingawa hauna picha nzuri ya kuwekwa katika vipeperushi. Kwa mpango huo, wahandisi walioajiriwa na kampuni za jirani waliruhusiwa kusoma shahada za uzamili Stanford huku wakiendelea na kazi, waajiri wao wakilipa ada kamili pamoja na kiasi kingine kinacholingana na ada hiyo kwa ajili ya chuo, ili gharama halisi ya masomo ifidiwe. Kiwanda kilikuwa kikilipa mara mbili ili kuwapa watumishi wake elimu, na kililipa kwa hiari kwa sababu kiliona faida. Darasa hilo liliwakutanisha wahandisi wa kampuni zinazoshindana, likawapa walimu habari za kila juma kuhusu matatizo yaliyokuwa yakiwasumbua watu wa kazini, na likawafanya waajiri wawe na sababu ya kubaki karibu. Ushirikiano wa aina hiyo hauna hati ya kusajiliwa katika ofisi yoyote ya hataza.

Tukio linaloivunja kabisa picha ya chuo kinachomimina uvumbuzi viwandani ni lile la 1957. William Shockley, mmoja wa wavumbuzi wa transista na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1956, alikuwa amefungua maabara yake Mountain View, si mbali na Stanford, na humo zilikuwamo mbinu za kutengeneza vifaa vya silikoni ambazo hazikuwapo katika maabara ya chuo chochote. Terman, pamoja na John Linvill, ambaye alikuwa ametolewa Bell Labs ili aongoze masomo ya semikondakta, yaani mata zinazopitisha umeme kwa kiwango kinachoweza kudhibitiwa, walimtuma mhadhiri kijana, James Gibbons, akatumie nusu ya muda wake katika maabara ya Shockley kama mwanafunzi wa ufundi, kisha arudi kujenga maabara kama hiyo chuoni. Mwaka 1958 chuo kilikuwa kimetengeneza kifaa chake cha silikoni, na kuanzia hapo wanafunzi wa uzamivu wakaanza kutoka wakiwa na ujuzi uliokuwa nadra sokoni. Profesa alikwenda kiwandani kujifunza. Kipimo kipi kati ya vile vinavyotumiwa sasa kingelitambua tendo hilo kama mafanikio? Katika safu ya hataza lingekuwa sifuri, katika safu ya kampuni sifuri, na huenda afisa wa utumishi angeuliza kwa nini mhadhiri haonekani ofisini nusu ya juma.

Kutoka maabara hiyohiyo ya Shockley, wahandisi wanane waliondoka kwa pamoja mwaka 1957 na kuanzisha Fairchild Semiconductor, kampuni ambayo kutoka kwake zilichipuka nyingine nyingi, Intel ikiwa mojawapo. Kati ya wanane hao ni mmoja tu, Victor Grinich, aliyekuwa na shahada ya uzamivu ya Stanford. Wengine walikuwa wametoka MIT, Caltech na kwingineko. Fedha zao zilitoka kwa mfanyabiashara wa New York, wateja wao wa kwanza muhimu walihusiana na ndege na makombora ya kijeshi, na sheria ya California, tofauti na ya majimbo mengi, haikuruhusu mwajiri kumfunga mfanyakazi kwa mkataba wa kutofanya kazi kwa mshindani. Mtafiti AnnaLee Saxenian, katika utafiti wake wa 1994 uliolinganisha bonde hilo na eneo la barabara ya 128 karibu na Boston, alionyesha kwamba Boston ilikuwa na MIT, mikataba ya kijeshi na kampuni kubwa, na bado ilibaki nyuma, kwa kuwa kampuni zake zilijifungia ndani huku za California zikibadilishana watu na habari. Profesa mmoja, hata awe na kipawa gani, hatungi sheria za ajira wala hagawi bajeti ya ulinzi.

Lipo jambo jepesi la kalenda ambalo lingetosha kumaliza ubishi kama ubishi huu ungeamuliwa kwa kalenda. Terman alistaafu mwaka 1965. Ofisi ya leseni ya Stanford, ambayo vyuo vingi huiiga, ilianzishwa rasmi mwaka 1970 na Niels Reimers. Sheria ya Bayh-Dole, iliyoviruhusu vyuo vya Marekani kumiliki hataza za uvumbuzi uliogharimiwa na serikali kuu, ilipitishwa mwaka 1980. Wakati huo bonde lilikuwa limekwisha kupewa jina la silikoni, na Hewlett-Packard, Varian, Fairchild na Intel zilikuwa kampuni zinazojulikana duniani. Chombo kilichoanzishwa baada ya mafanikio hakiwezi kuwa sababu ya mafanikio hayo, na chuo kinachoanza kwa kufungua ofisi ya leseni kinaiga tabia za tajiri aliyekwisha kutajirika.

Hata mapato makubwa yaliyokuja baadaye hayathibitishi kile kinachodaiwa. Hataza za Cohen na Boyer kuhusu kuunganisha vipande vya DNA, zilizomilikiwa na Stanford na Chuo Kikuu cha California, ziliingiza takriban dola milioni 255 hadi muda wake ulipokwisha mwaka 1997, na hutajwa kila mahali kama mfano bora wa uhawilishaji. Mbinu yenyewe, hata hivyo, ilikuwa imechapishwa hadharani mwaka 1973, na maabara nyingi ziliijua na kuitumia kabla leseni ya kwanza haijauzwa. Leseni hazikuwa za mtu mmoja, zilitolewa kwa mamia ya kampuni, na hazikumfundisha mnunuzi jambo asilolijua. Zilikuwa ushuru wa kupita katika njia ambayo machapisho yalikuwa yameifungua. Ushuru huo ulikuwa halali na ulikisaidia chuo, lakini kuuita uhawilishaji wa maarifa ni kuchanganya mtoza ushuru na mjenzi wa barabara. Google nayo iliipatia Stanford dola milioni 336 hisa ambazo chuo kilikuwa nazo katika kampuni hiyo zilipouzwa mwaka 2005, na ni vyuo vichache mno vitakavyowahi kuona fungu kama hilo. Vilevile utafiti ulioizaa ulikuwa sehemu ya mradi wa maktaba za kidijitali uliofadhiliwa na serikali kuu, ambamo wanafunzi wa uzamivu walikuwa na uhuru wa kufuata swali ambalo halikuwa na mteja.

Wesley Cohen, Richard Nelson na John Walsh walichapisha mwaka 2002 matokeo ya uchunguzi uliowauliza wasimamizi wa utafiti katika viwanda vya Marekani ni kwa njia zipi hasa maarifa ya vyuo huwafikia. Njia zilizoongoza zilikuwa machapisho, mikutano ya kitaaluma, mazungumzo yasiyo rasmi na ushauri wa kitaalamu. Hataza na leseni zilikuwa chini sana, isipokuwa katika viwanda vichache kama vya dawa, ambako uvumbuzi mmoja unaweza kuwa bidhaa nzima. Basi mtazamo uliozoeleka umejengwa juu ya hali ya sekta moja au mbili, kisha ukatandazwa juu ya uhandisi, kilimo, ujenzi na usindikaji wa chakula kana kwamba sekta zote ni maduka ya dawa.

Swali linalobaki ni kwa nini kosa hili limedumu, na sehemu ya jibu inawahusu watafiti wa ujasiriamali wenyewe. Henry Etzkowitz, mwanasosholojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1983 kuhusu wanasayansi wajasiriamali, na ambaye katikati ya miaka ya 1990 aliunda pamoja na Loet Leydesdorff dhana ya msokoto wa nyuzi tatu, yaani uhusiano unaofungamanisha chuo, kiwanda na serikali, alileta mchango wa kweli: alionyesha kwamba chuo si chanzo cha pembeni kinachosubiri kuulizwa, na kwamba kila upande unaweza kuchukua sehemu ya kazi ya mwenzake. Lakini dhana hiyo ilipotoka kwenye majarida na kuingia katika miongozo ya wizara, ilipunguzwa mpaka ikawa amri kwa chuo kufanya kazi ya kiwanda. Kuna pia udhaifu wa mbinu ambao taaluma hii inaujua na bado inaurudia: kuchunguza waliofanikiwa peke yao, kutafuta wanachofanana, kisha kukiita sababu. Maprofesa waliowahimiza wanafunzi waanzishe kampuni na kampuni zikafa hawana vitabu vya wasifu. Zaidi ya hayo, hataza na kampuni ni rahisi kuhesabu, na mfadhili anayetaka jedwali kila baada ya miezi sita hupewa kinachohesabika.

Ajabu ni kwamba Terman alikuwa mpenzi mkubwa wa takwimu. Baada ya kustaafu aliyachunguza mafunzo ya uhandisi kwa niaba ya mamlaka za elimu, ikiwa ni pamoja na taarifa ya mwaka 1968 kuhusu California, na alichokihesabu ni idadi ya wahitimu kwa kila ngazi, ukubwa wa idara, idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu, na gharama ya kumtoa mhitimu mmoja. Mtu anayedaiwa kuwa kiongozi wa kiroho wa vyuo vya hataza alipopewa nafasi ya kuchagua vipimo alichagua vya kuwapima watu waliofundishwa.

Alipata pia nafasi ya kuuhamisha mfumo wake, na matokeo yake yangepaswa kuwa sura ya kwanza katika kila kitabu cha somo hili. Katikati ya miaka ya 1960 Bell Labs ilimwalika asaidie kuanzisha chuo cha uzamili New Jersey, jimbo lililokuwa na maabara nyingi za viwanda kuliko California. Mpango ukafa, kwa kuwa kampuni hizo kubwa, zilizozoea kujitosheleza, hazikukubaliana kuchangia kitu cha pamoja. Texas, alikoshauri Dallas kwa matumaini ya wenye viwanda vya elektroniki, mavuno yalikuwa hafifu kuliko ahadi. Kisha ikaja Korea Kusini, nchi ambayo wakati huo ilikuwa maskini kuliko majimbo yote hayo. Terman aliongoza jopo lililotoa taarifa mwishoni mwa 1970, na mwaka uliofuata ikaanzishwa huko Seoul taasisi ya juu ya sayansi ambayo leo inajulikana kama KAIST. Serikali iliiweka chini ya wizara ya sayansi badala ya wizara ya elimu, iliwalipa maprofesa vizuri kiasi cha kuwarudisha Wakorea waliokuwa Marekani, na iliwapa wanafunzi nafuu ya utumishi wa kawaida wa jeshi, jambo zito sana kwa kijana wa Korea. Lengo lililoandikwa lilikuwa kutoa wahandisi wa ngazi za juu ambao viwanda vya nchi hiyo vilikuwa vikiwahitaji. Taasisi ilifaulu. Pale palipokuwa na utajiri, maabara na hataza tele, mfumo ulikwama. Pale ambapo taifa lilikubali kulipia mafunzo ya watu na viwanda vikakubali kuwaajiri, ulisimama.

Kumtetea Terman dhidi ya wasifiaji wake hakumaanishi kumtakasa. Minara yake ilisimama juu ya fedha za vita, idara ambazo hazikuvutia mikataba zilibanwa, na mwezi wa Aprili 1969 wanafunzi waliikalia maabara ya elektroniki ya Stanford kwa siku tisa wakipinga utafiti wa kijeshi wa siri, mpaka mwaka uliofuata chuo kikatengana na taasisi ya utafiti ya SRI. Chuo kinachomtegemea mnunuzi mmoja hupangiwa maswali na mnunuzi huyo, awe jeshi, kampuni ya mbegu au mfadhili wa kigeni. Hatari hiyo nayo haionekani katika jedwali la hataza.

Mjadala huu unaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, tena kwa mnyororo unaofuatika. Huko Konza, kusini-mashariki mwa Nairobi, Kenya imekuwa ikijenga kwa mkopo wa Korea Kusini taasisi ya juu ya sayansi na teknolojia iliyobuniwa kwa mfano wa KAIST, na wataalamu wa KAIST wameshiriki kuiandaa. Tanzania nayo, kupitia mradi wa mageuzi ya elimu ya juu wa HEET ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425, imevitaka vyuo vyake viwe karibu zaidi na waajiri. Juhudi zote mbili ni za kuungwa mkono, na zote mbili zitakuja kupimwa. Wanaoandika vipimo hivyo wanaombwa wafute safu ya idadi ya hataza, au angalau waiweke mwisho, na badala yake waulize: wahitimu wangapi wa uzamili wanafanya kazi ya uhandisi katika viwanda vya Thika, Mombasa, Mwanza na Dar es Salaam, waajiri wangapi wanawalipia watumishi wao ada kwa fedha zao wenyewe, wahadhiri wangapi wametumia nusu ya muda wao kiwandani wakijifunza na bado wakahesabiwa kuwa kazini, na vitabu vingapi vya kiada vimeandikwa na watu waliotoka huko. Kamati ya kupandisha vyeo isiyoweza kumpa profesa alama kwa mambo hayo isiendelee kulitaja jina la Stanford.